Ushuhuda wa Mpiga Gitaa

Nianze na sweta, maana ndiyo iliyosingiziwa kuliko kitu kingine chochote. Mpiga gitaa wa bendi yetu ya roki hakuwahi kuvaa koti la ngozi. Hakuvaa minyororo shingoni, hakuvaa pete ya fuvu, wala hakufuga nywele zikamfika mabegani. Alivaa sweta ya kahawia iliyofumwa kwa mkono, kiwiko cha kulia kikiwa na kiraka cha rangi isiyofanana, na ndani yake shati lililofungwa vifungo vyote mpaka kooni, kwa sababu Nyeri kuna baridi na yeye alikuwa mwoga wa kukohoa. Nimemwona jukwaani mara kumi na tisa, niliwahi kuhesabu, na mara zote kumi na tisa alikuwa na sweta hiyo. Leo akisimama kanisani kutoa ushuhuda anasema alikuwa akivaa ngozi nyeusi na kujichora uso. Uso gani huo? Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake.

Siku hizi watu humwita Mzee wa Kanisa, na wengine humwita Ndugu. Mimi nitaendelea kumwita Mpiga Gitaa. Jina hilo alilipata kwa vidole vyake, na hakuna aliyempa ruhusa ya kunipokonya mimi.

Nimezaliwa Majengo, hapa Nyeri mjini, kwenye nyumba zetu sisi Waislamu tuliochanganyika mpaka hatuulizani tena nani alitoka wapi. Mamangu alikuwa fundi wa kushona, na kabla yule bwana hajawa mpiga gitaa machoni pangu alikuwa mtu wa kuja kututengenezea cherehani. Ndiyo kazi iliyomlisha. Alizunguka kuanzia Gatitu mpaka Karatina na mfuko wa bisibisi na chupa ya mafuta, na akifika kwenu hakukimbilia kufungua mashine. Alimwambia mama ashone tu, kipande chochote, kisha akakaa kwenye kibao na kuinamisha kichwa.

"Mama Zuhura, hii mashini haina shida," angesema baada ya muda mrefu. "Iko na njaa ya mafuta."

"Mwezi uliopita ulisema hivyohivyo."

"Na ukaweka mafuta?"

Mama hakujibu, na Mpiga Gitaa hakumcheka. Alitia mafuta mwenyewe, tone moja moja, kama mtu anayempa mtoto dawa ya macho.

Jirani akiwa amefungulia redio, alikuwa anatoka nje kumwomba aizime. Alisema hawezi kusikiliza vitu viwili kwa wakati mmoja, lazima kimoja kitamdanganya. Alichukia kelele. Alichukia mabati yanayogongwa, wauza nyanya wenye vipaza sauti, watu wanaofunga mlango kwa nguvu. Na mtu huyohuyo Jumamosi saa nane mchana alikuwa anapanda jukwaani na kupiga gitaa la umeme mpaka madirisha ya ukumbi yanatetemeka. Niliwahi kumuuliza inakuwaje. Alifikiria sana, akasema, "Hiyo si kelele. Kelele ni ile mtu hajui anafanya."

Tulijua kwamba anapiga gitaa kwa sababu ya ncha za vidole vyake. Mama aliziona zimekuwa ngumu, akadhani ni sindano za mashine.

"Hizi ni za gitaa, mama," alisema.

"La kanisani?"

"Hapana. La bendi yetu tu, mimi na wenzangu. Waache wasichana wakuje Jumamosi. Wanalipa soda na wanarudi mapema."

Mama aliniruhusu, mimi na ndugu zangu wawili wa kike. Sharti lilikuwa moja, turudi kabla ya magharibi. Hakuniruhusu kwa sababu anaielewa roki, kwa maana hakuwahi kuisikia. Aliniruhusu kwa sababu ya yale matone ya mafuta. Aliona mtu wa namna ile hawezi kutupeleka mahali pabaya, na mpaka leo nashikilia kwamba mamangu aliona sawa.

Bendi ilikuwa ya watu wanne, lakini nitamtaja mwingine mmoja tu, naye ni Mwimbaji. Alikuwa mkulima wa viazi wa Endarasha, mrefu, mcheshi, mwenye sauti iliyokwaruza pale inapopanda juu. Waliimba kwa Kikuyu na Kiswahili, na kizungu kidogo ambacho Mwimbaji alikibuni akiwa amesahau maneno. Nyimbo zao zilikuwa za baridi ya asubuhi, za mtu aliyeahidiwa kazi, za mke aliyekwenda kwao akachukua na sufuria. Mambo ya watu. Ila yalipigwa kwa nguvu ambayo mimi, msichana wa miaka kumi na sita, sikujua kwamba inaruhusiwa duniani. Sauti ya kwanza ya gitaa lake jekundu ilinigonga kifuani nikashika mkono wa dada yangu. Nilikuwa na furaha kiasi cha kutaka kulia. Sioni haya kulisema. Ningependa niseme mbele ya kanisa lake lote.

Mpiga Gitaa alipiga akiwa ameinama vilevile alivyoinama kwenye cherehani. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayetunga uzi kwenye tundu la sindano. Watu wakimshangilia yeye anakaza nyuzi, hainui macho, hasemi asante. Mwimbaji alikuwa akituonya kwenye kipaza sauti, "Huyu msimpigie makofi sana, anafikiria ni mvua." Tunacheka, yeye anakaza nyuzi.

Alikuwa bahili ajabu. Nyuzi zikichakaa hakununua nyingine. Alizichemsha kwenye sufuria zitoke uchafu, akazianika kwenye kamba ya nguo, akazirudisha. Mama alimkuta nyumbani kwake Gatitu siku moja akiwa na sufuria jikoni, akadhani ni tambi. Habari hiyo ilichekesha Majengo nzima kwa wiki. Vipande vya kupigia nyuzi alijikatia mwenyewe kutoka kwenye vifuniko vya mitungi ya plastiki, na ukimwomba kimoja cha ukumbusho anakuuliza unataka ukifanyie nini.

Na alikuwa mkali. Hili nataka lishikwe vizuri. Mpiga ngoma wa kwanza wa bendi alifukuzwa kwa sababu alikuja mazoezini akinuka pombe. Si mchungaji aliyemfukuza, ni Mpiga Gitaa. Mwimbaji alijaribu kumwombea, akisema mtu amekunywa kidogo tu na ni siku ya soko.

"Basi akapigie soko," Mpiga Gitaa akasema, na hapo ndipo hadithi ya mpiga ngoma wa kwanza ilipoishia.

Mlangoni mwa ukumbi alisimama askari aliyewanusa wanaume mmoja mmoja. Ndani kulikuwa na kreti za soda na beseni la mandazi lililofunikwa kitambaa. Hiyo ndiyo Sodoma yetu. Ilianza saa nane, ikaisha saa kumi, na mimi nilifika nyumbani nikaswali alasiri nikiwa bado masikio yanavuma.

Tuliwafuata mpaka nje ya mji pale mama alipokubali. Endarasha walipiga siku ya soko ndani ya ghala la viazi, na ukungu ulikuwa umeingia hadi ndani. Mpiga Gitaa alikuwa amevaa glavu za sufu alizozikata ncha. Wakulima walisimama juu ya magunia, mikono mifukoni, nyuso ngumu, na mimi nikaogopa kwamba watawafukuza. Ndipo bibi mmoja mwenye kiondo mgongoni akapita katikati ya watu wote akafika mbele. Kila mtu alijua anakwenda kuwakemea. Alimwambia Mpiga Gitaa kwa Kikuyu kwamba kile kipande cha mwisho, pale inapopanda kisha inashuka, akirudie. Mpiga Gitaa akarudia. Yule bibi akatikisa kichwa, akasema sasa sawa, akaenda kununua vitunguu.

Lakini siku kuu kuliko zote ilikuwa Sagana. Kwa wale wasioijua, Sagana ni mji wa njia panda, kila mtu pale yuko safarini na hakuna anayesimama muda mrefu. Walipiga kwenye ua wa hoteli kando ya barabara. Katikati ya wimbo wa tatu, uleule ambao yule bibi aliomba urudiwe, umeme ukapotea. Spika zikafa, besi ikafa, Mwimbaji akabaki na mdomo wazi. Watu wakaanza kulalamika na wengine wakageuka kuondoka. Mpiga Gitaa hakusimama. Aliendelea kupiga gitaa lile la umeme bila umeme, na gitaa la namna hiyo likikosa spika halisikiki zaidi ya mtu anayekuna mkeka. Walio mbele wakanyamaza ili wasikie. Walio nyuma yao wakanyamaza kwa sababu wa mbele wamenyamaza. Ikafika mahali ua mzima, watu wa safari, wachoma samaki, wapiga debe, wote wamezuia pumzi, na katikati yetu mtu mmoja mwenye sweta anakuna nyuzi zilizochemshwa. Akamaliza wimbo wote. Hakuna aliyepiga makofi, tuliogopa kuharibu. Nimeolewa, nimezaa, nimezuru kaburi la mamangu kila Ijumaa, na bado nikiulizwa siku zangu bora duniani, ile imo.

Mtu huyu ndiye aliyekwenda kuchoma gitaa.

Miaka michache baadaye kulikuwa na mkutano wa injili uwanjani, mchana kweupe, wa siku tano. Mhubiri alitoka mbali. Siku ya mwisho aliwaita watu walete vitu vyao vya giza. Wakaleta hirizi, pakiti za sigara, chupa, kanda za muziki, gauni moja fupi. Mpiga Gitaa akaja na lile gitaa jekundu amelishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Sijui ni nini kilimpata. Wanasema mkewe alikuwa mgonjwa na aliweka nadhiri, wanasema aliogopa kufa, sikuwahi kupata ukweli na sitajifanya ninao. Ninachojua mimi ni kwamba moto ulichelewa kulishika kwa sababu ya rangi, wakaongeza mafuta ya taa, na nyuzi zilipokatika zililia moja baada ya nyingine. Watu wakashangilia kila ulipokatika uzi.

Mwimbaji alikuwa kando yangu. Alikuwa amekuja kutoka Endarasha kwa baiskeli baada ya kuambiwa. Nilimwambia akimbie alitoe, mbona amesimama?

"Wacha," akasema. "Ni yake."

Alikaa mpaka mwisho, akaenda kumshika Mpiga Gitaa mkono, akapanda baiskeli. Hakuimba tena mbele ya watu. Alirudi kwenye viazi vyake, na sikuwahi kumsikia akimsema vibaya mwenzake, hata mara moja, ingawa nilimchokoza mimi mwenyewe.

Ningeweza kuishi na gitaa lililochomwa. Mtu ana haki ya kuchoma chake. Kilichonichoma mimi ni yaliyofuata. Haikupita mwaka kanisa likamnunulia gitaa jipya, jeupe, na spika mbili kubwa. Duka langu la vitambaa liko ng'ambo ya barabara, mkabala na kanisa hilo, ninasikia ibada yao yote nikitaka nisitake. Jumapili moja nikawa napima mita mbili za poplini nikasimama na mkasi mkononi. Ulikuwa ni wimbo wa Sagana! Uleule, kupanda kwake na kushuka kwake, ila kwaya imeuwekea maneno mengine juu. Akina mama waliokuwa wamepiga vigelegele gitaa likiungua walikuwa sasa wanaucheza na vitambaa vyao vyeupe. Nilicheka kwanza. Halafu nikakasirika mpaka nikakata kitambaa upande.

Kisha ikaja habari ya ushuhuda. Kwa wasiozijua ibada za makanisa ya huku, ushuhuda ni pale mtu anaposimama kueleza alikotolewa. Na watu ni watu. Aliyetolewa karibu anaitikiwa amina ndogo, aliyetolewa mbali wanamsimamia. Mpiga Gitaa, ambaye kwa miaka yote hakuweza kusimulia hata jinsi alivyonyeshewa njiani, mtu wa maneno saba kwa siku, akajifunza kuongea. Mwaka wa kwanza alisema alipoteza muda wake katika muziki wa dunia. Sawa, hilo ni lake. Mwaka wa pili soda ikawa bia. Mwaka wa tatu bia ikawa bangi. Sweta ikageuka ngozi, ukumbi ukawa chumba cha giza, na ghala la viazi la Endarasha likawa mahali pa kumwabudu nani sijui. Kufika mwaka wa sita tukaingizwa sisi. Kulikuwa, alisema kwenye vipaza sauti vinavyofika mpaka kituo cha magari, na wasichana waliopotea wa Majengo, wakicheza mbele yake kama waliopagawa.

Sisi tulikuwa watatu, na mmoja alikuwa amepona surua juzi tu.

Mteja wangu mmoja, mshirika wa kanisa lile, aliingia dukani wiki hiyo macho yamemtoka.

"Mama Rahma, umesikia ushuhuda ya Mzee? Ati walikuwa wanakunywa damu ya kuku kwanza ndio wapige hiyo gitaa!"

"Ilikuwa soda ya machungwa," nikasema.

"Wewe ulijuaje?"

Na hapa lazima nijiseme mwenyewe, maana nimewasema wengine. Niliufyata. Nilikuwa na mume, nilikuwa na duka, nusu ya wateja wangu walitoka ng'ambo ya barabara. Nikamwuliza anataka mita ngapi. Nilinyamaza siku hiyo, nikanyamaza mwaka huo na miaka iliyofuata, na hasira yote hii ninayoimwaga hapa kuna sehemu yake inayonirudia mwenyewe.

Kilichonitoa kwenye ukimya ni binti yangu Rahma. Amekua akisikia hadithi za Sagana kutoka kwangu, ndizo nilizombembelezea. Jioni moja alinijia jikoni na simu. Mtu alikuwa amerekodi ushuhuda na kuusambaza.

"Mathe, hii si ndio ile bendi yako?"

Nikatazama mpaka mwisho. Nikamwona na nywele zake za mvi, akiinua mkono, akisema wasichana wa Majengo.

"Ni uongo," nikamwambia.

"Si yeye ndiye alikuwa anapiga? Sasa mimi niamini nani, wewe ama yeye?" Hakuniuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa sababu hakujua, na lile la kutojua likaniuma kuliko tusi. Kitu kizuri nilichokuwa nacho cha kumrithisha kilikuwa kimegeuzwa aibu, na aliyekigeuza ni yule aliyenipa.

Basi Mwimbaji akafa. Niliamua kwenda Endarasha kumzika, na niliamua pia kwamba huko nitaongea na Mpiga Gitaa uso kwa uso. Kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, na karatasi ya ratiba iliyochapwa picha ya marehemu. Nilikuwa mwanamke pekee mwenye buibui. Mjane alinishika mikono yote miwili akaniketisha mstari wa pili.

Ratiba ilipofika kwa marafiki akaitwa Mpiga Gitaa. Alitembea taratibu mpaka kwenye jeneza, akaweka kiganja juu yake. Nikafikiri, leo atasema. Leo, mbele ya huyu, hawezi kusema jingine. Akachukua kipaza sauti.

"Bwana asifiwe. Mimi na huyu marehemu tulikuwa watumwa wa..."

Sikumbuki kusimama. Nilijikuta nimesimama.

"Usimseme hivyo! Mimi nilikuwepo. Alikuwa anaimba habari za viazi na baridi, na nyinyi mlimsikia hapahapa Endarasha kwenye ghala. Ni dhambi gani hiyo? Hebu mtu aniambie ni dhambi gani!"

"Mama, tafadhali," akasema mwongozaji. "Tuko na programu."

Mjane aliinamisha kichwa, lakini nilimwona akitikisa, ndiyo, ndiyo. Mchungaji akachukua kipaza sauti kwa upole akaanzisha wimbo. Mpiga Gitaa akabaki amesimama kando ya jeneza mikono mitupu, kisha akarudi kukaa.

Baada ya maziko, watu wakiwa wamepanga foleni ya githeri na chai, alinifuata kwenye tangi la maji nilipokuwa nikinawa. Amezeeka. Vidole vyake vimepinda kidogo.

"Wewe ni Zuhura," akasema. "Wa mama wa cherehani."

"Ndiye. Msichana aliyepotea."

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Wewe ulikuwa unafunga macho. Wimbo ikianza, unafunga. Mimi nilikuwa nakuangalia wewe. Nikikosea kidogo tu, unafungua. Watu wote hawajasikia, wewe umefungua. Hivyo ndio nilikuwa najua."

Miaka yote hiyo nilidhani hajawahi kuinua macho kutoka kwenye nyuzi. Nilitaka kufurahi, na nilikuwa na hasira mno.

"Kama ulikuwa unaniona, ulijua mimi ni nani. Mbona unanitangaza hivyo? Binti yangu amekusikia. Mwambie ukweli mmoja tu, useme ilikuwa safi, basi. Uendelee na wokovu wako, mimi siugusi."

Alitazama maji yanayochuruzika kwenye bomba. Alifikiria kwa urefu ule wake wa zamani.

"Siwezi," akasema. "Nikisema ilikuwa safi, sasa nilichoma nini?"

Nilimwonea huruma pale kwenye tangi, ya kweli, kwa mara ya kwanza tangu siku ya moto. Nikaona kwamba kila mwaka alikuwa anaongeza kuni palepale, ili asije akaona alichokitia motoni.

"Basi tuache sisi," nikamwambia. "Ulichoma gitaa. Mimi sikuwa ndani yake."

"Nitawaacha," akasema. "Nakuahidi, Zuhura. Wasichana nitaacha."

Ni mtu wa kutimiza neno. Jumapili iliyofuata alisimama tena, nami nilikuwa dukani, nimeacha kila kitu, nasikiliza. Akaja kwenye ngozi nyeusi, akaja kwenye chumba cha giza, akafika pale petu. Wasichana wa Majengo hawakuwepo. Alikuwepo rafiki yake aliyekufa juzi bila kuokoka, ambaye ndiye, alisema, aliyemvuta kwenye muziki huo na kumfunga humo. Kanisa likaguna kwa uchungu. Akapewa amina kubwa kuliko ya miaka yote.

Nilimwambia mteja arudi kesho. Nikafunga duka, nikavuka barabara na buibui langu, nikaingia kanisani kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Mashemasi walitazamana, lakini hakuna aliyenizuia. Nilikwenda mpaka mbele kabisa, nikakaa upande wa spika yake. Kwaya ilikuwa imekwisha kusimama. Alianza ule wimbo wa Sagana, ameinama, na alipoinua macho akaniona nimekaa pale nimeyatoa macho yote mawili, sifumbi. Aliangalia nyuzi, akaniangalia tena. Walipofika pale inapopanda, akakosea.